Maisha ya Carver, Bwana Shamba wa Tuskegee

Nimeombwa niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, nami sikuchukua muda kumchagua. Mtu mwenyewe ni George Washington Carver, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mtumwa akafa mwalimu mkuu wa ukulima mwaka 1943. Lakini kabla sijaeleza maisha yake, yafaa niwaambie jinsi nilivyokutana naye katika kitabu, maana bila yeye nisingekuwa hivi nilivyo leo.

Mimi ni mtoto wa Koboko, na masomo ya sekondari niliyapata Arua. Katika shule ya msingi niliyosoma, jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alipewa kipande cha kulima, aliyepiga kelele alipewa kipande, na aliyeshinda mtihani alisamehewa asilime. Hakuna aliyetuambia kwa maneno, lakini sote tulifahamu kwamba jembe ni la wajinga na kalamu ni ya wenye akili. Nilipomaliza kidato cha sita nilitaka kuwa daktari, na baba yangu alikuwa amekwisha kuwaambia jirani zetu wote kwamba mwanawe atakuwa daktari. Barua ilipokuja kutoka Chuo Kikuu cha Makerere, ilisema nimepata nafasi ya kusoma ukulima.

Niliificha barua ile siku tatu ndani ya daftari. Siku ya nne baba aliiona. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ng'ombe wawili aliowauza kwa ajili ya karo waliuzwa ili nikajifunze kazi ambayo mama yangu aliijua bila kwenda shule. Sikuwa na jibu. Nikapanda gari mpaka Arua kwa mwalimu wangu wa zamani kutafuta shauri, nikitumaini atanisaidia kubadilisha masomo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kabatini kitabu kilichochakaa, akaniambia nikakisome kwanza ndipo nirudi tuzungumze. Kilikuwa kitabu cha maisha ya Carver. Haya ndiyo niliyoyasoma humo, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye.

Carver alizaliwa karibu na kijiji cha Diamond, katika jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Nasema yapata kwa sababu siku ya kuzaliwa mtumwa hakuna aliyejali kuiandika. Mama yake, jina lake Mary, alikuwa mtumwa wa mkulima aliyeitwa Moses Carver. Siku zile Wamarekani walikuwa wakipigana vita wenyewe kwa wenyewe, na magenge ya wanyang'anyi yalipita usiku yakiiba watumwa ili kwenda kuwauza mbali. Usiku mmoja waliwachukua Mary na mtoto wake mchanga. Moses Carver alimtuma mtu kuwafuata, na mtu huyo akarudi na mtoto peke yake, mgonjwa wa kifua, karibu na kufa. Inasimuliwa kwamba alikombolewa kwa farasi mmoja. Mama hakuonekana tena.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Moses na mkewe Susan waliendelea kumlea George pamoja na kaka yake James. James alikuwa na nguvu, akafanya kazi shambani. George alikuwa dhaifu, akabaki nyumbani kujifunza kupika, kufua na kushona. Kazi zikiisha aliingia msituni kutazama mimea. Alikuwa na bustani yake ndogo, na jirani waliokuwa na maua au miti iliyougua walimletea aitibu. Alipokuwa mtoto tu, watu walikwisha kumwita daktari wa mimea. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nikililia udaktari.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Kwa hiyo, alipokuwa bado kijana mdogo, alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Neosho, ambako palikuwa na shule ya watu weusi. Alifika usiku, hana pa kulala, akalala katika banda. Asubuhi alikutwa na mama mmoja, Mariah Watkins, aliyekuwa dobi na mkunga. Mama huyo alimchukua kama mwanawe. Kila saa ya mapumziko George aliruka ua kutoka shuleni, akafua nguo, kisha akarudi darasani. Mariah alimwusia ajifunze yote awezayo, halafu akawarudishie watu wake. Wasomaji, ushikeni wosia huo, maana maisha yake yote yaliyofuata ni kuutimiza.

Elimu ya Neosho ilikwisha upesi. George akaenda jimbo la Kansas, akihama mji hata mji, akipika na kufua ili apate kusoma. Mwaka 1879, katika mji wa Fort Scott, aliona kwa macho yake kundi la wazungu likimwua mtu mweusi bila hukumu. Akaukimbia mji ule. Baadaye alimaliza sekondari katika mji mwingine, akaomba nafasi katika chuo kimoja cha Kansas. Jibu likaja kwamba amekubaliwa. Alisafiri na mzigo wake, akafika mlangoni, na walipomwona rangi yake wakamfukuza. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Mtu huyu alifuata barua yake akafukuzwa mlangoni, nami yangu ilinipokea nikaificha!

Carver alikaa miaka mingine akilima shamba katika nchi kavu ya Kansas, akiishi katika nyumba ya udongo aliyoijenga mwenyewe. Mwaka 1890 alikubaliwa na Chuo cha Simpson, katika jimbo la Iowa, akajifunza kuchora picha na kupiga piano. Alichora maua na mimea kwa namna iliyomshangaza mwalimu wake, Etta Budd. Lakini mwalimu huyo aliogopa kwamba mtu mweusi hatapata riziki kwa kuchora. Baba yake alikuwa profesa wa bustani katika Chuo cha Ukulima cha Iowa, mjini Ames, basi akamshauri Carver aende huko. Carver hakufurahi kuiacha brashi yake, lakini alikwenda. Mwaka 1891 akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi wa chuo hicho.

Mwanzo haukuwa mtamu. Alizuiliwa kula katika chumba cha wanafunzi wenzake, akala chini pamoja na wafanya kazi. Hakulipiza kwa maneno. Alisoma udongo, mimea, maziwa na mifugo, na zaidi ya yote magonjwa ya mimea yaletwayo na ukungu. Mwaka 1894 akapata shahada ya kwanza, na mwaka 1896 akapata ya pili. Walimu wake walimweka afundishe papo hapo, akawa mwalimu wa kwanza mweusi wa chuo kile. Kama angetaka, angekaa Ames maisha yake yote, mwenye chumba cha kazi chenye vyombo na shamba la kioo.

Mwaka ule ule wa 1896 barua nyingine ilimfikia. Ilitoka kwa Booker T. Washington, mkuu wa shule ya watu weusi ya Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Washington alimweleza kwamba kazi iliyomngoja ni ngumu, nayo ni kuwatoa watu katika umaskini. Carver akaacha starehe ya Ames, akaenda kusini, na huko alikaa miaka 47 mpaka kufa kwake.

Alikuta nini? Alikuta nchi iliyochoka. Wakulima wa Alabama walipanda pamba mwaka hata mwaka katika ardhi ile ile, mpaka karibu na vizingiti vya nyumba zao. Pamba ilikuwa imekwisha kuinyonya ardhi, na mvua zikachukua udongo uliobaki. Wengi walilima mashamba ya watu wengine, wakakopa mbegu na chakula, na wakati wa mavuno deni lilikula yote. Sisi wa West Nile hatuhitaji kuelezwa sana habari hizi. Kwa miaka mingi zao letu la fedha lilikuwa tumbaku, nayo iliomba kuni nyingi za kuikaushia. Vilima vingi ambavyo wazee wanasema vilikuwa na miti, sisi tumevikuta vitupu.

Carver hakukuta vyombo vya utafiti. Aliwachukua wanafunzi wake wakaenda jalalani kuokota chupa, mitungi, vifuniko na waya, wakajitengenezea vyombo. Wala hakukuta wanafunzi wenye hamu. Wazazi walikuwa wamewapeleka watoto Tuskegee ili waliepuke jembe, na ukulima ulikuwa somo lililokimbiwa. Tazameni, basi, kwamba aibu niliyoona mimi Koboko ilikuwako Alabama zaidi ya miaka 100 kabla yangu.

Dawa aliyoifundisha haikuwa ya kununua. Aliwaambia wakulima wabadilishe mazao, mwaka mmoja pamba, na mwaka wa pili kunde, karanga au viazi vitamu. Mizizi ya kunde na karanga ina vinundu vidogo, na ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Kwa njia hiyo ardhi hupata mbolea huku mwenye shamba akipata mboga. Aliwaonyesha pia jinsi ya kukusanya majani ya msituni na matope ya mabwawa yakawa mbolea.

Lakini ni nani angesikia? Wakulima wale hawakujua kusoma, wala hawakuwa na nauli ya kwenda chuoni. Kwa hiyo mwaka 1906 Carver alitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, lenye majembe, mbegu, na vyombo vya kutengenezea maziwa na siagi. Gari hilo liliitwa Jesup, kwa jina la tajiri aliyetoa fedha. Lilipita vijijini, likasimama katika uwanja wa mkulima maskini, na somo likafanyika hapo hapo mbele ya jirani zake. Vilevile aliandika vijitabu 44 kwa maneno mepesi. Kimoja cha mwaka 1916 kilieleza jinsi ya kulima karanga na njia 105 za kuzipika. Wakati huo mdudu wa pamba alikuwa ameingia Alabama akiangamiza mashamba, na wengi waliokuwa hawakusikia sasa walisikia.

Mwaka 1921 wakulima wa karanga walimtuma mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, ili aombe ushuru kwa karanga zitokazo nchi za nje. Alipewa dakika 10. Alifungua sanduku lake, akatoa maziwa ya karanga, unga wa karanga, rangi na vitu vingine, kimoja baada ya kimoja. Wabunge, ambao baadhi yao walianza kwa kumdhihaki, walimwachia aseme kadiri apendavyo, akasema zaidi ya saa nzima. Tangu siku hiyo jina lake likaenea nchi nzima.

Hapa yanipasa kuwa mkweli. Watu wengi husema Carver ndiye aliyebuni siagi ya karanga. Sivyo. Wengine walikwisha kuitengeneza kabla yake, na bibi zetu wa West Nile walisaga karanga juu ya jiwe bila kumngoja yeye. Pia inasemwa alitengeneza vitu 300 kwa karanga, lakini vingi havikupata kuuzwa madukani. Tena hakuwa malaika. Alishindwa kusimamia shamba la kuku la chuo, akagombana na Washington mara nyingi kwa habari ya hesabu na taarifa. Ukuu wake haukuwa katika siagi. Alichukua elimu ya chuo kikuu akaipeleka mpaka uwanja wa mtu asiyejua kusoma. Uvumbuzi wake alijiandikishia mara tatu tu serikalini, na mengine yote akayatoa bure. Mwaka 1940 akiba yake aliitoa kuanzisha mfuko wa utafiti. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, baada ya kuanguka ngazini, akazikwa Tuskegee karibu na kaburi la Washington.

Miaka minne tu baada ya kifo chake, karanga zilipata somo jingine huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, huko Kongwa na penginepo. Matrekta yaliletwa kwa wingi, na mamilioni ya eka yakapangwa kulimwa. Lakini hawakuuliza kwanza ardhi ile ikoje, wala mvua yake huja lini. Wakati wa kiangazi udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na karanga zikakwama ndani. Mradi uliachwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Carver alikuwa na chupa za jalalani akafaulu. Wao walikuwa na matrekta wakashindwa. Nadhani tofauti ni kwamba yeye aliuliza kwanza.

Msidhani nawacheka watu wa Kongwa. Mimi mwenyewe nina Kongwa yangu. Baada ya kukisoma kitabu kile nilikwenda Makerere, nikasoma darasani na katika shamba la chuo huko Kabanyolo. Mwisho wa mwaka wa pili nilirudi Koboko nimejaa maarifa mpaka kooni. Nilikuwa nimempelekea mama habari kwamba asipande karanga zake mpaka nifike nimwonyeshe njia ya kisasa. Mama hakubishana. Alipanda nusu ya shamba mvua za kwanza za Aprili, mashimo yakiwa karibu karibu kama desturi yake, na nusu ya pili akaniachia. Nilifika mwezi wa Juni. Nikapanda kwa kamba, mistari imenyooka, nafasi pana, shamba linapendeza kama picha. Jirani walikuja kutazama.

Mwezi wa Julai karanga zangu zilianza kuwa manjano. Majani yakajikunja, mimea ikadumaa ikawa kama vichaka vidogo. Ulikuwa ugonjwa wa rozeti. Za mama, hatua chache tu kutoka hapo, zilisimama kijani. Tulipong'oa, yeye alijaza magunia matatu. Zangu hazikujaza beseni. Baba alipita akatazama beseni, akaenda zake. Kimya chake kiliniumiza kuliko fimbo.

Niliporudi chuoni nilimweleza mwalimu wetu, naye akanieleza sababu. Ugonjwa ule huletwa na vidukari. Karanga zilizopandwa mapema huwa zimekwisha kukomaa kidogo kabla vidukari havijawa vingi, na zikipandwa karibu karibu hufunika ardhi upesi. Vidukari hupenda kutua mahali ambapo udongo mtupu unaonekana kati ya mimea. Mambo haya yalikwisha kuthibitishwa na watafiti zamani. Mama yangu hakujua habari za vidukari, lakini jibu lake lilikuwa sahihi; mimi nilijua jina la ugonjwa, na jibu langu lilikuwa kosa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gari la Carver lilisimama katika uwanja wa mkulima, maana pale mwalimu husikia pia.

Likizo iliyofuata sikwenda na amri. Nilikwenda na daftari, nikamwuliza mama na wenzake kwa nini hupanda hivi na si vile, nikaandika. Kisha nikawaletea kitu ambacho hawakuwa nacho, kilo chache za mbegu ya Serenut, iliyozalishwa katika kituo cha Serere ili istahimili rozeti. Tukaijaribu kwa mashimo ya mama, mvua za kwanza, na mavuno yakawa mazuri. Baba hakunipongeza hata kidogo. Ila nilisikia kwamba amewaambia jirani kuwa hakusema uongo zamani zile, mwanawe ni daktari kweli, isipokuwa wagonjwa wake ni karanga.

Sasa mimi ni Bwana Shamba huku huku Koboko. Nikienda kijijini huanza kwa kuuliza, kisha hufundisha. Siku hizi si lazima mtu asafiri usiku kucha mpaka Kampala ili ajifunze kazi hii, kwani Chuo Kikuu cha Muni kipo Arua, na ukulima unasomwa hapo. Kituo cha utafiti cha Abi nacho kipo karibu na mji. Ardhi yetu inamngoja mtu, kama ile ya Alabama ilivyongoja.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesoma ukurasa huu, pengine siku moja utapata barua kama yangu. Usiifiche ndani ya daftari. Wapo waliosafiri na barua kama hiyo wakafukuzwa mlangoni, na hata hivyo hawakuacha kubisha hodi.